Butiloda gani kwa kompyuta ya zamani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoweka Linux na BSD

Tangu Microsoft waache kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 maswali ya aina hii yamezidi sana. Mtu ana OptiPlex ya mtumba iliyotoka Ulaya au ThinkPad aliyoinunua Kariakoo, mashine nzima kabisa, Windows 11 inaikataa, anaambiwa aweke Linux, anaweka vizuri mpaka mwisho, akiizima na kuiwasha anakuta skrini nyeusi na kimstari kinapepesa basi. Hapo wengi wanasema Linux mbovu, au mashine imekufa, wanaiweka stoo. Inaniuma sana kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni kitu kidogo cha katikati, butiloda, na kurekebisha ni dakika kumi. Nimeyapanga maswali kama ninavyoulizwa.

Butiloda ni nini hasa, si Linux inawaka yenyewe?

Haiwaki yenyewe. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza ni programu iliyokaa kwenye mazabodi, yaani BIOS au UEFI. Hiyo inakagua ramu na kibodi, inatafuta diski, alafu inamkabidhi kazi mtu mwingine. Huyo mwingine ndio butiloda, kazi yake ni kuitafuta kerneli ya Linux (ile programu kiini ya mfumo) kwenye diski, kuipandisha kwenye ramu na kuiambia haya endelea, baada ya hapo yeye kazi yake imeisha. Ndio maana butiloda haifanyi kompyuta iwe na kasi zaidi au iwe nzito ukiwa unafanya kazi zako, inaishi sekunde chache tu.

Kwenye BIOS ya zamani mambo yamebana mno. BIOS inasoma sekta ya kwanza tu ya diski, baiti 512, ile tunaiita MBR, na ndani yake baiti 64 ni jedwali la patisheni (vipande vya diski) na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho, kwaiyo kodi ya kubutia inabaki na baiti 446. Kerneli ya Linux ina megabaiti kadhaa. Ndio maana butiloda zote za BIOS zimegawanyika vipande, kipande kidogo cha kwanza kinaita kikubwa zaidi kilichofichwa sehemu nyingine ya diski. Matatizo mengi utakayoyasoma hapa chini yanatokea kwenye huo mnyororo.

Nitajuaje mashine yangu ni BIOS au UEFI?

Hili swali ndio la kwanza kabla ya kuuliza GRUB au LILO (hayo ni majina ya butiloda), nawaomba msiliruke. Kama Windows bado ipo, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, angalia mstari wa "BIOS Mode", ukikuta Legacy ni BIOS. Kama umeshabuti Linux ya kwenye flashi, fungua teminali uandike:

ls /sys/firmware/efi

Folda ikiwepo umebuti kwa UEFI, ikisema haipo umebuti kwa BIOS. Ila angalia, nimesema *umebuti*. Mashine nyingi za kati ya 2010 na 2014 hivi zina zote mbili, unaweza kuchagua kwenye setingi, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanabuti flashi kwa njia ya BIOS wakati Windows iliyomo imewekwa kwa UEFI, installa inaweka butiloda ya BIOS, alafu mifumo miwili haionani kwenye menyu hata ufanyeje. Chagua njia moja ushike hiyo hiyo. Ukibonyeza F12 (Dell na ThinkPad nyingi) au Esc kisha F9 (HP nyingi), flashi ile ile inaweza kujitokeza mara mbili, moja ina neno UEFI mbele, nyingine haina. Zina tofauti kubwa hizo.

Core 2 Duo za mezani kama OptiPlex 780, na laptopu kama ThinkPad T60 na X200, hizo zote ni BIOS, usihangaike kutafuta UEFI.

Haya nimeshajua, sasa nichague ipi?

Kama ni BIOS ya kawaida na diski ya kawaida, weka GRUB 2 ambayo distro yako (aina ya Linux unayoweka, kama Debian au Mint) inakuletea, usifikirie mara mbili. Kama ni UEFI ya biti 64, GRUB 2 pia ni sawa, na ukitaka kitu chepesi zaidi kuna systemd-boot, ukitaka menyu nzuri inayotafuta mifumo yenyewe kuna rEFInd. Kama GRUB imekataa kukaa kwenye diski ya zamani sana au mashine ni ya Pentium III huko na unataka kitu kidogo kabisa, extlinux. LILO kama unatumia Slackware na unajua unachofanya.

Hayo ndio mawazo yangu baada ya kuweka Linux kwenye mashine nyingi za watu. Butiloda inachaguliwa na mashine, sio na sifa ulizosikia kwa jamaa. Ukisikia mtu anasema "GRUB ni takataka tumia hii" bila kukuuliza una mashine gani, msikilize kwa heshima alafu rudi kwenye swali la pili hapo juu.

GRUB 2 si nzito kwa kompyuta ya ramu MB 512?

Hapana. Inaishi sekunde tano tu kisha inaondoka kwenye ramu. Inachoweza kusumbua ni picha za menyu, baadhi ya kadi za video za zamani hazipatani na mandhari ya picha, menyu inakwama au inachelewa kuchoreka. Fungua /etc/default/grub uongeze mstari huu:

GRUB_TERMINAL=console

alafu andika update-grub (kwenye Debian, Ubuntu, Mint, antiX) au grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg kwa distro nyingine. Menyu inakuwa maandishi matupu, inafunguka mara moja.

Kwa historia kidogo, GRUB ilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 kwa ajili ya GNU Hurd, mfumo mwingine wa uendeshaji, sio kwa Linux. Ile ya zamani, GRUB Legacy, iliishia toleo la 0.97 mwaka 2005. Ukikuta maelezo yanataja faili la menu.lst ujue ni ya huyo mzee, usiyafuate kwenye GRUB 2. Hata hesabu za patisheni zimebadilika, zamani patisheni ya kwanza ilikuwa (hd0,0), sasa ni (hd0,msdos1). Diski bado inaanza na sifuri lakini patisheni inaanza na moja, na hii imewachanganya watu wengi sana, mi nikiwemo.

LILO bado ipo kweli?

Ipo ila haiendelezwi tena, ilisimamishwa Desemba 2015. Iliandikwa na Werner Almesberger miaka ya tisini mwanzoni na kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa butiloda ya Linux. Slackware 15.0 iliyotoka Februari 2022 bado inakuja nayo.

Uzuri wake ni udogo. Haielewi ext4 wala mfumo wowote wa faili, inachofanya ni kuandika ramani kwamba kerneli iko kwenye bloku namba hii na hii, na ikiwaka inazifuata kama mtu anayehesabu hatua gizani. Ubaya wake ndio huo huo. Ukiapdeti kerneli, bloku zinahama, ramani ya zamani inaelekeza pasipo na kitu, na usipoandika amri ya lilo kabla ya kurestati, kesho haiwaki. Kila apdeti ya kerneli, kila ukibadilisha lilo.conf, andika lilo. Kama kompyuta ni ya mtu mwingine, ya mama au ya shule, usimwekee LILO, kwa sababu siku apdeti ikipita wewe ukiwa safarini atabaki na mashine isiyowaka.

Kitu kimoja nakipenda kwake mpaka leo ni herufi. Inaandika neno LILO herufi moja moja kadiri inavyopiga hatua. Ikiishia L, kipande cha pili hakikupatikana. Ikiishia LI, kimepatikana ila kimeshindwa kuanza. LIL, kimeanza ila hakijaisoma ramani. Ukiziona zote nne imemaliza. Kwa fundi hiyo ni taarifa tosha ya kuanzia.

Na extlinux, Syslinux, ISOLINUX, hizi ni zile zile?

Ni familia moja, kazi ya H. Peter Anvin. Syslinux yenyewe ni ya FAT (mfumo wa faili wa flashi nyingi), kwaiyo ndio umeikuta kwenye flashi nyingi bila kujua. ISOLINUX ni ya CD. PXELINUX ni ya kubuti kupitia mtandao, nzuri sana kama una chumba cha kompyuta ishirini za shule na hutaki kuzungukia kila moja na flashi. Extlinux ndio ya kuweka kwenye diski yenye ext, yaani mifumo ya faili ya Linux kama ext2 na ext4.

Faili lake la setingi ni fupi na unaliandika mwenyewe, mistari mitano sita, haina mambo ya kuzalishwa na skripti kama GRUB. Kwa mashine yenye mfumo mmoja tu, ya zamani, BIOS, mi naona ni nzuri mno. Mapungufu ni kwamba kerneli lazima ikae kwenye patisheni ile ile iliyopo extlinux, na toleo lake thabiti la mwisho, 6.03, ni la 2014, kwaiyo ext4 zinazotengenezwa leo zina vipengele ambavyo yenyewe haivijui. Njia rahisi ni kutengeneza patisheni ndogo ya /boot ya megabaiti 500 ukaiformati ext2. Halafu usisahau kuiwekea patisheni hiyo alama ya kubuti, bila hiyo alama kodi ya MBR ya Syslinux haioni pa kwenda.

systemd-boot naweza kuiweka kwenye Core 2 Duo yangu?

Kwenye BIOS hapana, ni ya UEFI peke yake. rEFInd hivyo hivyo. Kila wiki naona mtu anahangaika nazo kwenye mashine ya 2008.

Kama UEFI unayo, angalia ukubwa wa patisheni ya EFI kwanza. systemd-boot kwa kawaida inataka kerneli zikae humo humo, na Windows nyingi zilitengeneza patisheni ya EFI ya megabaiti 100 tu, kerneli mbili na initramfs zake (faili zinazoisaidia kerneli kuanza) imejaa, apdeti inafeli katikati.

Installa imeandika "your embedding area is unusually small". Nimekosea wapi?

Hujakosea kitu, diski yako iligawanywa zamani. Kipande kikubwa cha GRUB kinakaa kwenye uwazi ulio kati ya MBR na patisheni ya kwanza. Siku hizi programu za kugawa diski zinaanzisha patisheni ya kwanza sekta ya 2048, yaani uwazi wa megabaiti 1 kamili. Enzi za Windows XP ilikuwa inaanza sekta ya 63, unabaki na sekta 62, kama baiti 31,744. Kwa ext4 ya kawaida GRUB inaweza kujibana humo ikaenea, lakini ukiwa na LVM, RAID au Btrfs (njia nyingine za kupanga diski) inabidi ibebe moduli za ziada na haitoshi.

Kama diski haina kitu cha kutunza, futa jedwali zima ugawe upya kwa GParted, imekwisha. Kama ina data za mtu, kopi data kwanza kwenye diski nyingine (kwanza! narudia kwanza!) alafu sogeza mwanzo wa patisheni hadi megabaiti 1, inachukua muda mrefu na umeme ukikatika katikati unapoteza vyote, kwaiyo kama ni desktopu isiyo na UPS usijaribu siku za mgao. Kama huwezi kusogeza, hapo ndio extlinux inapokuokoa kwa sababu yenyewe haihitaji huo uwazi.

Installa itakwambia pia kwamba unaweza kulazimisha kwa kutumia bloklisti. Inawezekana, ila inarudisha tatizo lile lile la LILO la kufuata namba za bloku, na GRUB wenyewe wanakwambia haiaminiki.

Diski ya BIOS niigawe MBR au GPT?

Diski iliyo chini ya terabaiti 2 na mashine ya zamani: MBR, usijitafutie kazi. MBR inafika mwisho kwenye TiB 2 kwa sababu namba za sekta ni za biti 32, na patisheni za msingi ni nne tu, zaidi ya hapo unatumia ile ya nyongeza.

Kama una diski kubwa kuliko hapo, GPT (jedwali jipya zaidi la patisheni) inakubali kwenye BIOS ila GRUB haina tena ule uwazi wa kujificha, lazima uitengenezee patisheni yake ya megabaiti 1, isiyoformatiwa, yenye bendera ya bios_grub kwenye GParted au kodi EF02 kwenye gdisk. Watu wanaisahau hii kila siku. Na kuna BIOS chache zinakataa kabisa kubuti diski ya GPT kwa sababu hazioni patisheni yenye alama ya kubuti, zinasema hakuna mfumo wa uendeshaji. Jaribu:

parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on

Nimeona amri hiyo moja ikiamsha mashine iliyokuwa imekatiwa tamaa.

Nimeweka diski ya GB 500 kwenye Pentium 4, ilibuti wiki mbili vizuri, baada ya apdeti inasema haioni kerneli. Kwa nini?

Swali zuri sana hili na jibu lake wengi hawalijui. GRUB kwenye mashine ya BIOS haina madreva yake ya diski inayoyategemea kwa kawaida, inaiomba BIOS isome. BIOS za miaka hiyo nyingine zinahesabu sekta kwa biti 28 tu, yaani hazifiki mbali zaidi ya GB 137. Siku uliyoweka Linux kerneli ilikaa mwanzoni mwa diski, BIOS iliifikia. Apdeti imekuja, kerneli mpya ikaandikwa mbele zaidi ya mpaka, BIOS haifiki, GRUB inasema hakuna. Linux yenyewe ikishaamka haina shida kwa sababu inaiendesha diski kwa dreva zake, ndio maana ukibuti na flashi unaziona GB 500 zote ziko salama.

Dawa ni patisheni ya /boot mwanzo kabisa wa diski, megabaiti 512 mpaka 1,024, hata kama installa inakwambia haina ulazima. Kwenye mashine yoyote ya kabla ya 2005 hivi mi naiweka bila kuuliza.

Kompyuta haina kabisa chaguo la kubuti kwa flashi. Niitupe?

Usitupe jamani! Choma CD kama ina CD-ROM nzima. Kama inasoma CD tu na distro yako ni kubwa kuliko megabaiti 700, kuna Plop Boot Manager, inakaa kwenye CD au hata flopi, inaleta dreva zake za USB, kwaiyo unabuti CD ya Plop kwanza, alafu kwenye menyu unachagua USB na flashi yako inabuti. Ikiwa na bandari za USB 1.1 itakuwa taratibu sana, weka chai.

Njia nyingine ni kuchomoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, kuweka Linux huko kisha kuirudisha. Inafanya kazi vizuri, Linux haina ugomvi wa kuhama mashine kama Windows. Hakikisha tu kompyuta ya kusaidia umeibuti kwa njia ya BIOS, sio UEFI, maana installa itaweka butiloda ya njia uliyobutia na ile mashine ya zamani haitaielewa.

Prosesa yangu ni ya biti 64 lakini flashi ya biti 64 haionekani kabisa kwenye menyu. Imekuwaje?

Uwezekano mkubwa una UEFI ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64. Iko kwenye makundi mawili hasa: Mac za Intel za 2006 na 2007 zenye Core 2 Duo, na vitableti na laptopu ndogo za Atom Bay Trail za 2013 na 2014, mfano ASUS T100TA. UEFI ya namna hiyo inatafuta faili liitwalo bootia32.efi kwenye flashi, na distro nyingi zinaweka bootx64.efi peke yake, kwaiyo inapita kama haijaona kitu.

Debian waliishughulikia hii tangu toleo la 8 mwaka 2015. Butiloda inakuwa ya 32 (paketi ni grub-efi-ia32) lakini kerneli na mfumo mzima unabaki wa 64, hakuna unachopoteza. Kama umeshabuti Linux na unataka uhakika:

cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size

itakujibu 32 au 64. Kwenye zile Mac za zamani rEFInd inasaidia sana pia, iliandikwa na Roderick W. Smith akiendeleza kazi ya rEFIt ambayo ilikuwa ya Mac hasa.

Na prosesa ya biti 32 kabisa je, kuna distro bado?

Zimepungua. Ubuntu waliacha siku nyingi, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena installa wala kerneli ya i386 (yaani ya biti 32). Zimebaki Debian 12, antiX, Slackware, Void na nyingine chache. Kama ni Pentium M ya mwanzo mwanzo na kerneli inalalamika kuhusu PAE (uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia ramu zaidi ya GB 4), bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza neno forcepae, bonyeza F10. Nyingi za hizo prosesa PAE wanayo, hawaitangazi tu.

Nataka Windows na Linux pamoja.

Windows kwanza, Linux baadaye. Kwenye BIOS Windows ikiwekwa inaandika MBR yake juu ya yeyote aliyekuwepo, haiulizi. Zima pia ile "Fast Startup" ya Windows kwa sababu inaiacha patisheni kama imelala nusu, ukiandika humo kutoka Linux unaweza kuharibu faili.

Kama umefuata yote na Windows haitokei kwenye menyu, sio kwamba imefutika, usilie. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 kutafuta mifumo mingine kumezimwa. Weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, hakikisha os-prober (programu inayotafuta mifumo mingine) imewekwa, kisha update-grub.

Linux imewekwa kwa UEFI vizuri ila kila nikiwasha inaenda Windows moja kwa moja.

UEFI za mwanzo mwanzo, za 2011 mpaka 2014 hivi, baadhi hazifuati orodha ya kubuti uliyoipanga, zinajua njia ya Windows na njia ya dharura tu. Tumia hiyo ya dharura:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Hii inaweka kopi ya GRUB kwenye \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Kama bado inashikilia Windows, ingia menyu ya kubuti kwa F9 au F12 uchague diski yenyewe badala ya "Windows Boot Manager". Kuna wanaoshauri ulibadilishe jina faili la Windows na kuweka la GRUB mahali pake, mi sipendi, apdeti ya Windows ikija inarudisha la kwake na unaanza upya.

Kompyuta inawaka nikichomeka flashi tu, nikiichomoa haiwaki.

GRUB umeiweka kwenye flashi. Mashine nyingine zinaita flashi sda na diski ya ndani sdb, na mtu amezoea sda ndio diski. Dada mmoja alitembea na flashi mwezi mzima akidhani ndivyo Linux ilivyo. Buti, chomoa flashi, andika lsblk uone diski ipi ina ukubwa gani, alafu grub-install kwenye diski sahihi, mfano /dev/sda, bila namba mwishoni. Ukiandika /dev/sda1 unaiweka ndani ya patisheni na MBR inabaki ilivyokuwa.

Nimekuta "grub rescue>" na kompyuta ina kazi za watu. Nifanyeje?

Tulia, data zako zipo. Maana yake kipande cha kwanza cha GRUB kimeamka lakini hakioni folda ya /boot/grub, labda patisheni imebadilika namba. Andika ls, itakupa orodha kama (hd0) (hd0,msdos1) (hd0,msdos5). Ijaribu moja moja, ls (hd0,msdos1)/ mpaka uione yenye boot na etc. Ukiipata:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itatokea. Ukishaingia Linux usirestati kabla hujafanya grub-install /dev/sda na update-grub, maana ulichofanya hapo juu ni cha mara moja tu. Kama haikukubali, buti flashi ya Linux yoyote, mount patisheni yako kwenye /mnt, bind folda za /dev, /proc na /sys humo, chroot /mnt (yaani unaingia ndani ya Linux yako ya kwenye diski), kisha amri zile zile mbili.

Kila asubuhi mpangilio wa kubuti umejirudia wa zamani na saa inasema miaka ya nyuma huko. Ni butiloda?

Ni betri ya CMOS, ile ya duara CR2032 kwenye mazabodi. Badilisha, bei yake ndogo sana. Mashine ya miaka kumi na tano karibu zote betri imeisha, ibadilishe hata kabla ya kuanza kuinstoli.

Na BSD?

BSD ni familia nyingine ya mifumo inayofanana na Linux lakini sio Linux. FreeBSD ina boot0 yake, inajaa kwenye sekta moja na inakupa menyu ya F1, F2, F3, ni rahisi na inafaa. OpenBSD ukiiweka pamoja na Linux, iache iweke butiloda yake kwenye patisheni yake, alafu kwenye /etc/grub.d/40_custom unaongeza:

menuentry "OpenBSD" {
set root=(hd0,msdos3)
chainloader +1
}

Badilisha 3 iwe namba yako. GRUB inamkabidhi butiloda wa OpenBSD naye anamalizia mwenyewe, kwa BIOS njia hii ya kukabidhiana ndio imenisumbua kidogo kuliko zote.

Nataka kuitoa Linux nibaki na Windows, nikifuta patisheni ya Linux si inatosha?

Usianze na hapo. Kwenye BIOS ukifuta patisheni ya Linux umefuta pia /boot/grub, kipande cha MBR kinabaki peke yake na kesho unaona grub rescue ambayo haina cha kuokoa. Anza na diski ya kurekebishia Windows, fungua kisanduku cha amri, andika bootrec /fixmbr, restati uone Windows inawaka yenyewe bila menyu, ndipo ufute patisheni ya Linux.